Karani wa Mizani, Mahuta

Gunia la mwisho nililopima lilikuwa la Mnanje.
Niliandika nane, kisha kalamu ikateleza
mpaka pembeni mwa daftari, mstari mrefu kama njia ya siafu,
na chama kikabaki kubishana na familia yake:
themanini na ngapi?

Sikushika kifua, kama watu wanavyosimulia.
Ni taya lililouma. Mkono wa kushoto
ukawa mzito kama wa mtu mwingine.
Nikasema kiungulia, ni mihogo ya jana.
Nikasema nipeni maji, foleni isisimame.

Kumbe kifo hakingoji mnada.
Kinanunua kangomba,
kwa bakuli, gizani, kabla ya msimu,
na mimi niliyewahubiria wakulima wasiuze hivyo
nilikuwa nimeshapokea arubuni
miaka ishirini, sigara moja moja.

Nanyamba niliipita nimelala kwenye pikapu
juu ya magunia matupu, nikihesabu mashimo ya barabara.
Ligula wakanipa kitanda cha dirishani
na nesi wa Kinyakyusa, Tusajigwe,
aliyesema moyo wangu una kovu kama goti la mtoto.
"Umepona," alisema, "ila wenyewe usiuambie."

Sasa nina vidonge vitano.
Kile cheupe cha damu: nikijigonga kwenye mlango
natoka doa la zambarau, upana wa bibo.
Cha manjano kilinipa kikohozi kikavu wiki sita,
mpaka majirani wakanong'ona kifua kikuu;
wakakibadilisha.
Cha kupunguza mwendo kimeupunguza kweli,
mapigo hamsini na mbili, nimehesabu,
kuhesabu ndiyo kazi yangu.
Vidole baridi. Nikiinuka ghafla, nyumba inainuka nami
halafu inakaa kabla yangu.
Na kuna jambo jingine kidonge hicho kimelituliza
ambalo sikumwambia daktari,
wala Somoe hajaniuliza.

Chumvi ameihamishia juu ya kabati, inapokaa sumu ya panya.
Ming'oko bila chumvi. Jaribuni, nawaombeni.

Asubuhi natembea nusu saa, amri ya hospitali.
Huku kwetu hakuna atembeaye bila kwenda mahali.
"Karani, safari ya wapi?"
"Mpaka mkorosho ule, na kurudi."
"Umesahau nini pale?"
Siku ya tatu nikaanza kubeba panga
ili waniache.

Mwezi wa pili niliacha vidonge siku nne.
Sikuumwa. Ndiyo hatari yake, sikuumwa.
Mikono ikarudi joto, nikapanda ngazi ya tangi la maji
nikipiga mluzi, Somoe akiniangalia kutoka jikoni.
Usiku wa nne nikaamka na gunia kifuani,
lile lile,
na hapakuwa na mizani ya kunisomea.
Nikapapasa kile cha chini ya ulimi.
Kikachoma. Kichwa kikavuma kama bati kwenye mvua.
Somoe akawasha tochi, akamimina karatasi zote kitandani,
akahesabu vilivyobaki, mara mbili.
Hakusema neno. Aliishia darasa la nne,
lakini alijua vimezidi vingapi.

Mnanje alikuja kunitazama, na kuku wake kwapani.
Nikamwambia: ndugu yangu, andika themanini na tisa, nitatia sahihi.
Akacheka mpaka kuku akaruka.
"Zilikuwa themanini na mbili, Karani.
Anayebisha ni mwanangu."

Msimu ujao sitanyanyua kitu. Nitakaa kitini, nisome namba.

Usiku Somoe analaza kiganja ubavuni mwangu, upande wa kushoto.
Anadhani nimelala.
Nasikia midomo yake, polepole,
arobaini na nane, arobaini na tisa,
nami sijigeuzi,
nisije nikampotezea hesabu.